Mashine ya Muuza Chai na Hesabu za Hazina

Ndugu msomaji, majuzi nilisimamishwa pale Kariakoo na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mkononi alikuwa na karatasi ya rangi, imekunjwa mara nne. Kijana nadhifu mwenye tai alikuwa amempitia dukani akamwonyesha programu ya akili mnemba, hiyo ambayo wenzetu wengine huiita akili bandia. Programu hiyo, mzee alielezwa, itajibu ujumbe wa wateja usiku na mchana, itaandika ankara, itahesabu mali iliyobaki stoo, na itamkumbusha nani anadaiwa na tangu lini. Malipo yake ni ya mwaka mzima, tena kwa dola, na punguzo lilikuwa linakwisha Ijumaa. Ili gharama hiyo irudi, mabinti wawili wanaokaa kaunta na kupokea simu wangetakiwa watafute kazi kwingine. Mmoja wao ni mtoto wa dada yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe unayesema redioni kila juma, hebu niambie. Kitu hiki ni cha kweli au ni kiini macho?"

Nilimwomba mzee wangu anipe siku mbili. Kitu chenyewe ni cha kweli, nimekiona kikifanya kazi. Lakini hata dawa ya kweli humdhuru mgonjwa ambaye si yake. Alichopaswa kuuliza ni kama programu ile itaiweza kazi ya duka lake, kwa wateja wake, kwa Kiswahili chao, na atalijuaje hilo kabla hajatoa fedha. Swali la namna hiyo lina umri unaozidi miaka 70. Na waliolishughulikia barabara mwanzoni, katika biashara, hawakuwa maprofesa wala wanajeshi. Walikuwa wauza chai na keki.

Kampuni yao iliitwa J. Lyons. Makao yake yalikuwa London, na ilikuwa na maduka ya chai zaidi ya 200, mikahawa, na viwanda vya mikate na keki. Biashara ya namna hiyo ina adha yake. Faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno, lakini kikombe hicho lazima kiandikwe, kijumlishwe na vingine, kilinganishwe na maziwa na sukari iliyotumika, na karani anayefanya yote hayo naye anataka mshahara wake mwisho wa juma. Lyons walikuwa na jeshi zima la makarani. Tangu miaka ya 1930 walikuwa pia na ofisi maalumu ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuchunguza ofisi nyingine: fomu hii ni ya nini, kwa nini inaandikwa mara tatu, na nani anaisoma?

Mwaka 1947 kampuni iliwatuma maofisa wake wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, kwenda Marekani kuangalia taratibu mpya za ofisi. Katika ofisi za huko hawakuona jambo kubwa la kujifunza. Kilichowashtua ni habari za mashine za kielektroniki za kukokotoa, zilizobuniwa kwa ajili ya hesabu za mizinga na za wanasayansi. Mtaalamu mmoja aliyekuwa Princeton, Herman Goldstine, akawaambia kwamba kwao huko huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa anajenga mashine ya namna hiyo. Walikuwa wamevuka bahari kwenda kuulizia kitu kilichokuwa mwendo wa saa chache tu kutoka ofisini kwao.

Lyons hawakukurupuka. Waliwapa Cambridge fedha na msaidizi, wakawa wanafuatilia. Mashine ya Cambridge ilipofanya hesabu yake ya kwanza mwezi Mei 1949, ndipo kampuni iliposhika kwa nguvu kazi ya kujenga ya kwake. Wakaiita LEO, kifupi cha maneno yenye maana ya Ofisi ya Kielektroniki ya Lyons. Ilikuwa na valvu karibu 6,000, zile taa za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za zamani, na kumbukumbu yake ilikaa katika mirija ya zebaki. Valvu moja ikifa, hesabu inakwenda upande.

Sasa angalia walivyoanza. Hawakuipa mashine mishahara. Walianza na hesabu ya kila juma ya thamani ya mikate, keki na vitafunwa vilivyotoka viwandani mwao. Ilijaribiwa mwezi Septemba 1951, na kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo ilikuwa kazi ya kawaida ya kila juma. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya biashara kufanywa kwa utaratibu wa kudumu na kompyuta. Ilikuwa hesabu ambayo kampuni iliifahamu ndani na nje, kwa sababu makarani walikuwa wameifanya kwa miaka. Ikikosewa, kosa litaonekana. Ikichelewa, hakuna atakayelala na njaa.

Mishahara ilisubiri zaidi ya miaka miwili. Watu wa Lyons waliiogopa, na walikuwa na haki ya kuiogopa, maana siku ya malipo ikifika na mashine imelala, utamwambia nini mwoka mikate? Kwa hiyo mashine ilikokotoa mishahara, na makarani nao wakaikokotoa kwa njia yao ya zamani, kisha karatasi mbili zikawekwa mezani ubavu kwa ubavu. Mwanzoni mwa 1954, zilipokwisha kukubaliana, ndipo njia ya makarani ilipoachwa. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba hesabu ya mfanyakazi mmoja iliyomchukua karani mzoefu dakika nane, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Mwenye kampuni mwingine angeiona kasi hiyo siku ya kwanza akawafukuza makarani siku ya pili.

Msimamizi wa programu pale, David Caminer, alikuwa mtu mkali. Maagizo yaliyoandikwa na mmoja yalipitiwa na mwingine mezani, kwa jicho na penseli, kabla hayajagusa mashine. Na kabla ya hapo kazi yenyewe ilifikiriwa upya. Ilipofika zamu ya oda za maduka ya chai, kwa mfano, hawakumtaka msimamizi wa duka aandike orodha yote ya kesho. Alipiga simu na kutaja tofauti tu: mikate pungufu, keki zaidi. Mengine mashine ilikuwa nayo tayari.

Biashara ya kuuza mashine hizo kwa wengine ilianza 1954. Mwaka 1963 kampuni ya LEO ikaungana na English Electric, na mwaka 1968 ukoo wote huo ukaunganishwa na kampuni nyingine ya Kiingereza iliyoitwa ICT. Ukazaliwa mti mkubwa wenye jina la ICL. Nakuomba uliweke jina hilo kichwani, maana ndilo linalotuleta Dar es Salaam.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa na miaka minne tu, Muungano mwaka mmoja, na serikali ilihitaji kujua shilingi zake ziko wapi. Baadaye ikaja mashine kubwa zaidi, ya ICL, aina ya 1900, na kazi iliyotarajiwa kuhamishiwa kwenye mashine ilikuwa nzito kuliko zote: hesabu za serikali yenyewe.

Maamuzi mengi yalikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni. Watanzania waliosomea mitambo hiyo walihesabika kwa vidole. Hesabu zilitolewa kwenye leja zikapelekwa kwenye mashine, na watu wa kugundua mapema kwamba mambo yanaharibika hawakuwapo wa kutosha. Zikavurugika. Gharama zikapanda. Mwishowe serikali ikairudisha kazi kwenye leja na kalamu, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati huo kompyuta zote nchini hazikufika kumi.

Mimi siwacheki viongozi wa 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu mwishoni mwa 1973, mvua zilikuwa zimekosekana, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Katika hali hiyo, mtambo wa fedha nyingi uliokwishaitia serikali hasara haukuwa na wa kuutetea. Lakini tuseme ukweli: iliyohukumiwa ni mashine, na namna ilivyochaguliwa ikaachwa iende zake. Ni sawa na mtu aliyeunguziwa wali akaamua kufukia jiko. Hebu fikiri kama ingechukuliwa wizara moja ndogo, hesabu zake zikaendeshwa kwa leja na kwa mashine mwaka mzima wa fedha, na kila mwisho wa mwezi karani wa Hazina akaulizwa tofauti imetoka wapi. Ubovu ungejulikana mapema, kwa gharama ya wizara moja ndogo. Na pengine yangejulikana pia mambo ambayo mashine iliyaweza. Badala yake ruhusa za kuingiza kompyuta zilikuja kutolewa kwa kuchujwa katika miaka ya 1980, na mlango haukufunguka sawasawa mpaka miaka ya 1990. Kijana aliyeingia ofisini mwaka 1975 alikuta taipureta.

Tuvuke sasa kwenda Marekani, maana huko ndiko mashine zilikofundishwa kutoka kwenye kujumlisha zikaingia kwenye kutoa ushauri, na hapo kupima kukawa kugumu zaidi. Jumla ya mshahara ina jibu moja. Ushauri una majibu mengi, na kila mtaalamu ana lake.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Kazi yake ilikuwa kushauri dawa kwa wagonjwa wenye maambukizo ya damu, na baadaye homa ya uti wa mgongo. Utaipimaje programu kama hiyo? Ukimwuliza daktari kama anakubaliana na mashine, ataangalia kwanza kwamba ni mashine, kisha ndipo aangalie dawa. Basi wakachukua wagonjwa kumi wa homa ya uti wa mgongo. Wakaandika ushauri wa MYCIN, na ushauri wa madaktari wa ngazi mbalimbali, kuanzia walimu wa chuo hadi mwanafunzi. Wakaficha nani ameandika nini, wakawapa wataalamu wanane wa nje wasahihishe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. MYCIN ilipata asilimia 65. Walimu wa chuo walipata kati ya asilimia 42.5 na 62.5.

Wengi hukumbuka kwamba mashine iliwashinda walimu. Mimi hunisimamisha jambo jingine: hata aliyeshika nafasi ya kwanza hakufika theluthi mbili, maana yake wasahihishaji wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya dawa iliyo sahihi. Mwenye biashara anayeilaumu mashine kwa kukosea mara moja katika kumi anapaswa awe amehesabu watu wake wanakosea mara ngapi. Ni wachache sana waliowahi kuhesabu.

Na hata hivyo MYCIN haikuingia katika kazi za kila siku wodini. Mazungumzo yake na daktari yaliweza kumeza nusu saa, kila jibu likichapwa kwa mkono, na haikuunganishwa na mafaili ya hospitali. Tena hakuna aliyekuwa na jibu la nani atawajibika mgonjwa akidhurika. Ilifaulu mtihani wa ujuzi, lakini daktari mwenye foleni mlangoni hakuwa na mahali pa kuiweka.

Ndugu yake alikuwa na bahati zaidi. Kampuni ya Digital Equipment Corporation ilikuwa inauza kompyuta za VAX, na kila mteja aliagiza ya kwake: kumbukumbu kiasi hiki, diski kiasi hiki, nyaya za urefu huu. Oda ikikosa waya mmoja, mtambo mzima unafika kwa mteja hauwaki. John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliwatengenezea programu ya kupanga oda hizo, akaiita R1. Oktoba na Novemba 1979 ikafanyiwa mtihani. Ilipewa oda 50. Wataalamu sita walikaa na majibu yake, saa moja hadi mbili kwa kila oda, wakagundua makosa 12. Kanuni zilizosababisha makosa hayo zikarekebishwa, oda zikarudishwa, zikatoka sawa. Mwezi Januari 1980 R1 ikaanza kazi.

Piga hesabu ya muda huo: saa moja hadi mbili, mara oda 50, kwa watu ambao kila mmoja alikuwa na kazi yake mezani. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi katika karatasi za rangi zinazogawiwa Kariakoo. Tena haikuishia hapo. Kila aina mpya ya VAX ilipotoka, kanuni ziliongezwa, zikatoka mamia zikafika maelfu, na kikundi kizima cha watu kikawa kazi yake ni kuilea programu hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 ilisemekana inaiokolea kampuni makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Kampuni nyingine nyingi ziliposikia hivyo zikakimbilia kununua programu za namna hiyo bila oda 50 na bila wataalamu sita, na kabla ya muongo kwisha soko hilo likaanguka.

Nilikuomba uliweke jina la ICL kichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa Fujitsu ya Japani, kampuni hiyo iliitengenezea Posta ya Uingereza mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Ulianza kusambazwa mwaka 1999 kwa mawakala wa posta mijini na vijijini, watu wenye viduka vyao, wanaouza stempu na kulipa pensheni. Mara mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Wakala anahesabu droo yake, anaona iko sawa. Mashine inasema pamepotea maelfu ya pauni. Mkataba unamtaka alipe pengo hilo mfukoni mwake. Baina ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wako waliofungwa, waliouza nyumba, na waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia.

Ukoo ni ule ule, ndugu msomaji. Babu yake, LEO, aliwekewa karatasi ya makarani ubavuni mwake, na karatasi hizo mbili ziliposhindana ilibidi sababu itafutwe kwanza. Kwa wakala wa Posta karatasi ya pili haikuwapo, na ubishi ulipotokea ikaaminiwa mashine. Fundi wa valvu wa 1953, aliyekuwa amezoea kuona mtambo ukikosea kila mara, angeshangaa sana kusikia mtu amepelekwa gerezani kwa neno la kompyuta.

Programu za leo za akili mnemba zimeongeza shida ambayo Caminer hakuwa nayo. LEO ikiwa nzima, swali moja lilikuwa na jibu moja. Hizi za leo unaweza kuziuliza jambo moja asubuhi na jioni zikakujibu mawili, yote kwa lugha tamu isiyo na wasiwasi. Tena mwenye programu anaweza kuibadilisha huko aliko, na uliyoijaribu mwezi Machi isiwe hiyo unayoitumia mwezi Juni. Na zinajifunza kutoka kwetu, na tabia zetu zote. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2014 kutengeneza programu ya kuchuja barua za waomba kazi, ikaifundisha kwa barua za miaka kumi iliyopita. Nyingi zilikuwa za wanaume. Ilipopimwa ikaonekana inawashusha wanawake, na marekebisho hayakuwaridhisha wakubwa kwamba haitabuni njia nyingine ya kubagua. Kikundi kilichoitengeneza kikavunjwa. Habari hiyo ilipotoka mwaka 2018 watu wengi waliicheka Amazon. Nadhani walikosea pa kucheka, maana wanaostahili kichekesho ni wale ambao hawakupima.

Kisha kuna kisa cha Kanada, ambacho nilimsimulia mzee wangu neno kwa neno kwa kuwa kinamhusu. Abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliuliza mashine ya kujibu maswali katika tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya msiba. Mashine ikamwambia anaweza kusafiri kwanza na kudai punguzo baadaye. Haikuwa kanuni ya kampuni. Alipodai akanyimwa. Mbele ya baraza la usuluhishi kampuni ikajitetea kana kwamba mashine ile ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Februari 2024 baraza likaukataa utetezi huo, ikabidi kampuni ilipe.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ikimwahidi mteja punguzo, nimeahidi mimi?"

"Naam, mzee wangu. Ni mdomo wako."

Basi tukafanya kama wauza chai. Mabinti wawili walifungua simu ya duka wakachagua ujumbe wa zamani wa wateja, wa siku za kawaida na wa siku za msongamano, wakauandika kwenye daftari, na pembeni wakaandika jibu lililo sahihi kwa bei za siku ile. Kijana wa tai hakuonyeshwa daftari. Aliombwa tu atupatie programu yake kwa majaribio kwa siku chache, na kwa haki yake niseme kwamba alikubali bila kinyongo.

Salamu iliziweza. Kuuliza duka liko wapi na linafunga lini, safi kabisa. Ujumbe wa saa za usiku, ambao mabinti walikuwa wakiukuta asubuhi na mara nyingine kuusahau, ilijibu wote, na hapo mabinti wenyewe walikiri. Kisha mteja mmoja aliandika kwamba atapita saa nne kuchukua mzigo. Programu ikauandika mzigo huo utoke alasiri, kwa saa ya Kizungu. Mwingine alitaka bando mbili za bati, ikamweleza habari za vifurushi vya intaneti. Aliyesema amebakiza buku tano ilimtaka radhi kwamba duka haliuzi vitabu. Tulicheka sana, hadi tulipofika kwa mteja aliyeandika kwamba juzi mzee alimpunguzia bei ya saruji, naye anaomba bei ile ile. Mzee hakuwa amempunguzia mtu yeyote. Programu ilimshukuru kwa kuwa mteja mwema ikamkubalia. Tuliirudia mara tatu: mara mbili ikakubali, mara moja ikamwambia asubiri.

Mzee hakucheka tena. Alimwita kijana, akamwuliza mambo ambayo hayakuwa katika karatasi. Naweza kulipa mwezi kwa mwezi? Naweza kuizuia isitaje bei? Siku nikiiacha, majina na madeni ya wateja wangu nitarudishiwa? Na majina hayo, pamoja na namba zao za simu, yanakaa wapi? Nilimkumbusha kijana kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na kwamba swali hilo siku moja linaweza kuulizwa na mtu asiyeuza saruji. Akajibu kwamba yanakaa kwenye wingu. Mzee akatazama juu, akatazama chini, akasema wingu lile nalo lina mwenyewe, na angependa kujua anaitwa nani.

Walipoachana walikuwa wamepatana jambo dogo zaidi ya lile la kwanza. Miezi mitatu, kwa malipo ya kila mwezi. Programu itapokea ujumbe wa usiku na kuuandalia majibu, na asubuhi binti atayasoma kabla hayajatoka. Hesabu ya stoo itaandikwa kotekote, katika programu na katika daftari kubwa lenye jalada jekundu, na kila Jumamosi jioni yatalinganishwa. Bei haitaji. Mtoto wa dada yake ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Ijumaa ya punguzo ikapita. Jumatatu yake kijana wa tai alipiga simu kumwarifu mzee kwamba kampuni imeamua kuliongeza muda hadi mwisho wa mwezi.